Konokono Aliyemeza Kishindo

Mpimaji alipogonga mfuniko wa sufuria nyuma ya kisogo chake, Dobi aliruka kitini na kutoa tusi ambalo halijawahi kutamkwa katika chumba kile chenye zulia mpaka ukutani. Akageuka, ngumi ameshaikunja.

"Samahani, mama," Mpimaji alisema huku amejikinga kifua kwa mfuniko. "Ni kipimo tu."

"Kipimo cha masikio au cha moyo? Gonga tena uone. Tutapima na meno yako."

Dada mtu, aliyekaa kwenye kona na mkoba mapajani, alicheka kwa kuziba mdomo. Aliuziba kwa adabu, lakini pia kwa sababu jino lake moja la mbele halikuwepo tena. Kila aliyeuliza aliambiwa kwamba dada aliteleza bafuni. Mtaani kwao bafu lile lilikuwa na sifa mbaya kweli. Lilishamvunja dada kidole, likampasua nyusi, likamng'oa jino, na wala halikuwahi kumwangusha mtu mwingine yeyote wa nyumba ile.

Dobi alikuwa kiziwi wa ukubwani. Alizaliwa akisikia, akaolewa akisikia, na alipoachika alisikia kila neno. Ndipo homa ya uti wa mgongo ikamlaza, na siku alipofumbua macho dunia ilikuwa imefumba mdomo. Miaka ikapita hivyo, anafua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba ya dada yake, mpaka hospitali ilipompasua nyuma ya sikio na kumpandikizia waya mwembamba huko ndani sauti zinakopokelewa. Nje akavalishwa kichakata sauti, kidude kilichojikunja juu ya sikio, chenye kisahani cha sumaku kinachonata kichwani. Kidude kile ndicho kinachokusanya sauti na kuzipeleka ndani. Ukikibandua, kimya kinarudi papo hapo, kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Hospitali wana jina refu la kitu chenyewe. Dobi alikiita konokono.

Sasa kulikuwa na konokono wa aina mpya, na hospitali ilitaka kujua kama anafaa kuvalishwa watu wazima wote waliopoteza usikivu. Wagonjwa wachache walichaguliwa wamjaribu, Dobi akiwemo. Yule wa zamani alimbatiza Kikongwe. Mpya akamwita Mgeni.

Wakaanza na Kikongwe. Mpimaji alikaa mbele yake, mdomo ameuficha nyuma ya kitambaa kilichowambwa kwenye duara la mbao ili Dobi asimsome midomo. Spika za ukutani zikamwaga kelele za watu wengi wanaoongea kwa pamoja, na katikati ya ghasia hiyo Mpimaji akawa anasoma sentensi, Dobi anazirudia.

"Mzee amekula kiti," Dobi alisema.

"Mama, una hakika? Kiti?"

"Narudia nilichopewa. Kama mzee ana njaa, mimi nifanyeje?"

Alipovalishwa Mgeni mambo yaligeuka. Ghasia ile ilijivuta pembeni kama pazia, sauti ya Mpimaji ikabaki peke yake, safi, imenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi. Dobi alirudia sentensi zote bila kukwama. Mpimaji akachukua tena ule mfuniko na kuzunguka nyuma.

Dobi akasikia kitu kama mto wa kulalia umeangukia kitandani.

"Tayari umegonga?"

"Nimegonga kwa nguvu zangu zote, mama." Mpimaji alikuwa anatabasamu. "Huyu anakamata kila kishindo cha ghafla na kukibana kabla hakijaingia, kisikuumize. Na anasikiliza zaidi walio mbele yako. Ya nyuma anayapunguza. Naweza kumkaza au kumlegeza, ndiyo maana nauliza: nyumbani kwenu kuna kishindo chochote ambacho ni lazima ukisikie? Geti, kengele, mbwa?"

Dobi akafungua mdomo. Dada naye akamtazama. Aliyekulia chini ya dada mkubwa anayajua macho yale. Hayapigi kelele, lakini yanafunga kinywa kama kizibo.

"Nyumba yetu imetulia, dokta," dada alisema upesi. "Hata nzi wanaingia kwa hodi."

"Mama mwenyewe?"

"Imetulia," Dobi akasema.

Mpimaji akamkaza Mgeni mpaka mwisho. Kikongwe akamtia kwenye droo na kufunga kwa ufunguo, maana ndivyo jaribio lilivyotaka: wa zamani anabaki hospitalini, mgonjwa asije akamkimbilia kila mpya anapomuudhi. Dobi aliutazama ule ufunguo ukizama mfukoni mwa koti jeupe. 

Mume wa dada alikuwa na bucha pale kona, na watu walimwita Bucha kana kwamba yeye na duka ni kitu kimoja. Mtaani alikuwa mtu wa watu. Alitania wateja, aliongeza kipande cha maini bila kuombwa, mbwa wote walimpenda. Nyumbani alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshughulikia, na alimshughulikia kwa mkanda, kwa kiatu, na siku nyingine kwa kile chuma chake cha kunolea visu.

Dobi aligundua lini? Wiki ile ile Kikongwe alipowashwa mara ya kwanza. Alirudi kwa Mpimaji akilalamika kwamba mashine ina kasoro, inamletea mlio wa mtu anayekung'uta zulia, na kwao hakuna zulia. Mpimaji akaipima mashine mbele na nyuma, akakosa kasoro. Dobi alirudi nyumbani, na mlio ulipoanza tena aliufuata kwa masikio yake mapya, akapita ukumbini, akasukuma mlango wa chumba cha dada. Akaliona zulia lenyewe. Lilikuwa sakafuni, limejikunja, limeuma khanga kwa meno, na Bucha amesimama juu yake anahema.

Hakurudi kumweleza Mpimaji kwamba mashine ni nzima. Wala hakumuuliza dada juu ya miaka ile ya ukiziwi. Dada naye hakusema. Walichofanya ni kuweka utaratibu.

Utaratibu ulianzia kwenye geti. Lilikuwa geti la bati nene, na Bucha aliongea nalo kabla hajaongea na mtu. Akilisukuma kwa mkono, siku imekwenda vizuri, mtu aendelee na shughuli zake. Akilipiga teke la kisigino, bati likalia na komeo likarukaruka, hapo Dobi anaacha pasi popote ilipo, anamzoa dada popote alipo, anamwingiza chumba cha kupigia pasi, anatia kitasa, anasukuma meza kubwa mlangoni na kupanda juu yake na makalio yake yote. Na Mungu hakumnyima makalio. Bucha anapiga mlango mateke, anatukana ukoo mzima akianzia na waliokufa, mwisho anachoka na kwenda kulala. Kikongwe, pamoja na uzee wake wote, hakuwahi kulikosa geti lile. Hata bomba likiwa wazi. Hata mvua ikipiga bati.

Dada hakuwahi kupiga ukelele. Hilo ndilo lililomkera Dobi kuliko yote. Mtu anachapwa mpaka anakojoa, na sauti haitoki.

"Piga kelele, dada! Majirani waje!"

"Waje waone nini?"

Mazungumzo yalikuwa yanaishia hapo.

Siku za kwanza za Mgeni zilikuwa za raha, hakuna haja ya kuficha. Dobi alisikia mteja akinong'ona kwamba bei imepanda, akamjibu, mteja akaona haya. Alisikia dada anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo, kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu utoto wao. Pikipiki za barabarani zilimpita kama nyuki waliolewa. Kichwa hakikumuuma. Na Bucha naye alikuwa kwenye siku zake za asali. Alinunua hata feni. Dobi akaanza kusahau, na raha ndivyo ilivyo, haikuachii akili yote.

Alasiri moja alikuwa dirishani anapokea wateja, mgongo kaupa ua. Nje ya dirisha amesimama dereva mstaafu aliyefuata suruali zake, na kama kawaida yake hakuja na tiketi ya nguo tu, alikuja na habari za tumbo lake.

"Linaanza hapa," alisema akijigusa, "halafu linapanda huku, linageuka kama basi linatafuta maegesho."

"Pole, mzee. Umekwenda hospitali?"

"Hospitali wanasema ni gesi. Mimi nimeendesha miaka yote, gesi naijua, hii siyo."

Dobi alimsikia kila neno, mpaka kikoromeo kilivyokuwa kinapanda na kushuka. Nyuma yake kulikuwa na kitu kama kandambili imedondoka. Akachukua suruali ya pili, akaikunja. Kandambili nyingine. Halafu kama mtu anakung'uta shuka mbichi, puu, puu, taratibu, mbali. Dada anaanua nguo, alijisemea.

Dereva mstaafu alinyamaza katikati ya utumbo wake. Macho yakapita juu ya bega la Dobi, yakaganda.

"Vipi, mzee? Limegeuka tena?"

"Dobi," mzee alisema polepole, "huko nyuma kuna mtu anamuua mtu."

Hakuuliza nani. Alikamata pasi ya mkaa, ikiwa imejaa makaa mekundu, akatoka nayo.

Uani mashuka meupe ya nyumba ya wageni yalikuwa yametundikwa kwenye kamba, na lile la mbele lilikuwa limerushiwa madoa mekundu. Nyuma yake, Bucha alikuwa amemshika dada nywele. Anamgongesha uso kwenye pipa la maji, anamvuta, anamgongesha. Pipa ni la chuma. Lilikuwa tupu, lilikuwa linalia kama ngoma, na mtaa wote ulikuwa umelisikia isipokuwa mtu mmoja. Mkono wa kushoto wa dada ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiwiko. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa.

"Shemeji!" Dobi aliita. Bucha alipogeuza shingo, Dobi alimbandika pasi mgongoni.

Akaikandamiza. Hakuigusisha na kuiondoa, aliikandamiza kama anayenyoosha ukosi mgumu. Shati likafuka moshi, na ngozi ikafuata. Mtu aliyeshinda kwenye harufu ya nyama maisha yake yote siku ile alinusa ya kwake. Alinguruma, akazungusha mkono, pasi ikaruka na kufunguka, makaa yakatawanyika miguuni mwao.

"Wewe kiziwi! Leo nakuchinja!"

Chuma cha kunolea, alichokichomoa kiunoni, kilimpata Dobi begani. Akasikia mfupa wake mwenyewe ukisema kitu kidogo, kwa heshima, maana Mgeni alikuwa bado yupo kazini anapunguza makali. Cha pili alikikwepa. Akamuuma Bucha mkononi, akakaza taya kama mbwa, akaonja chumvi. Bucha alimpiga kichwa kwa kichwa, Dobi akaona nyota za rangi zote, na kabla hazijazimika mkono mkubwa ulipita sikioni na kung'oa.

Konokono alianguka kwenye makaa. Bucha akamkanyaga, akamsaga kwa kisigino.

Kimya.

Ugomvi wa kelele una njia zake, unajua adui yuko wapi. Ugomvi wa kimya ni kama kupigana ndani ya gunia. Dobi alimwona Bucha akitukana bila sauti, mate yanaruka, halafu upepo ukapuliza mashuka na Bucha akapotea nyuma yake. Akageuka kushoto. Shuka. Akageuka kulia. Shuka. Alisikiliza kwa nyayo, kwa pua, kwa nywele za shingo. Makaa yalimchoma kidole cha mguu, na hakukiondoa.

Bucha alitokea nyuma, pamoja na shuka. Alimviringisha nalo shingoni na kuvuta.

Dobi alipiga mateke, akakwaruza, kucha zikavunjikia kwenye mikono ile iliyozoea kubeba nusu ng'ombe. Hewa ikakata. Pembeni mwa macho giza lilianza kuingia. Katikati, kwenye kitundu kilichobaki, alimwona dada yake. Alikuwa amepiga magoti kando ya pipa, uso hautambuliki, mkono unaning'inia. Na mdomo uko wazi.

Ulikuwa wazi wote, pengo nje, koo nje, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za kuanikia. Anakufa, Dobi aliwaza. Anakata roho, na mimi nakata hapa hapa. Lakini mdomo ulifumba, kifua kikavuta pumzi, mdomo ukafunguka tena zaidi ya mwanzo. Njiwa wa juu ya bati waliruka wote pamoja. Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha jirani. Kikatokea cha pili. Halafu geti lile la bati likalala chini lote, na juu yake wakapita watu, mbele yao dereva mstaafu, suruali zake mkononi, tumbo amelisahau.

Walichomfanya Bucha hakikuwa cha kusimulia mbele ya watoto. Mama mmoja aliyekuwa amesalimiana naye asubuhi kwa ajili ya maini alimpiga kwa kiti mpaka kiti kikabaki miguu. Mwingine alitumia chuma chake mwenyewe. Dereva mstaafu, ambaye daktari alimkataza kunyanyua chochote kizito, alimnyanyua Bucha kwa masikio. Askari walipofika ilibidi waanze kwa kumwokoa, na hawakuharakisha sana.

Hospitalini walimfunga dada mkono kwa plasta, wakamshona uso, wakamlaza kwenye chumba chenye madirisha makubwa. Askari wa kuandika maelezo akavuta kigoda. Dobi alikaa upande wa pili wa kitanda, shingo ina mchirizi mwekundu, bega limefungwa, masikio hayana kitu. Mpimaji aliambiwa huko juu kwake, akashuka mbio na Kikongwe mkononi. Akambandika. Dunia ikarudi, ya zamani, yenye kukwaruza.

"Mama," Mpimaji alisema, "nilikuuliza."

Kofi la Dobi lilianza safari. Likafika bega bovu, likaumia, likarudi. Tena Mpimaji alikuwa amesema kweli, na ukweli una adha yake, haupigiki.

"Uliniuliza," alikubali. "Sasa chukua majibu. Kwa maneno, Mgeni ni bingwa, wape watu wote. Kwa kishindo ni mnafiki, anakuletea kifo amekivalisha kandambili. Mlegeze. Na watakaokuja, ukiwauliza habari za nyumbani, watoe nje kwanza waliowasindikiza. Hata dada zao. Hasa dada zao."

Mpimaji alitikisa kichwa kukubali. "Na Mgeni mwenyewe yuko wapi?"

"Ameliwa na kiatu cha shemeji."

Askari akakohoa. "Mama, tuanze. Ulisema anakupiga. Alianza lini?"

Dada alimtazama mdogo wake kwa lile jicho linaloweza kuona, akaona konokono yupo sikioni.

"Mdogo wangu, mtoe huyo mdudu. Haya siyo yako."

Dobi alipandisha mkono hadi kwenye sumaku. Kidole kimoja tu kingetosha, kimya kingekuja. Akaushusha mkono, akaushika mguu wa dada yake kupitia blanketi.

"Sema, dada."

"Alianza mwezi ule uliporudi kutoka hospitali huna masikio." Dada alikuwa anamwambia yeye, siyo askari. "Kabla ya hapo alikuwa anakuogopa wewe. Ulipozibwa, akazibuliwa. Alikuwa ananivuta mpaka kwenye chumba chako cha pasi, makusudi, ananipigia humo. Umetupa mgongo, unamnyoosha yeye mashati, unaimba ule wimbo wako bila tuni. Siku za mwanzo nililia, nikakuita jina. Mtu pekee ambaye angekuja alikuwa pale pale, na hageuki. Sasa nilie ili iweje? Sauti ikakauka. Hata uliporudishiwa masikio, yenyewe haikujua kama umerudi."

Dobi aliukamata ule mguu kama mtu anayeshikilia tawi kwenye mafuriko. Kikongwe alimletea kila kitu, bila kupunguza chochote, na alikaa akakipokea.

"Haya ni ya mwanzo," dada alimgeukia askari. "Sasa yanakuja ya mkanda. Kisha ya chuma. Kisha ya bafuni, ambako sijawahi kuteleza hata siku moja. Kisha yale ya mimba."

Kalamu ilikimbia, ikakwama, ikakimbia. Dada hakungoja. Alisema, akavuta pumzi, akasema, na sauti ilikuwa inazidi kupanda mpaka wagonjwa wa vitanda vya mbali wakainuka kuketi.

Mwishowe askari alitua kalamu, akakunja na kukunjua vidole. "Polepole, mama. Mkono umeniuma."

"Wako umekuuma?" dada alisema. "Wangu umevunjika. Andika."